Fimbo ya Dereva Isiyokatwa

Picha ilinikuta Mbeya, nimekaa juu ya robota la mitumba nakula maandazi. Aliyeituma ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anayekaa kwenye nyumba ya babu kule Ipuli, Tabora. Hakunisalimu. Ilikuwa picha ya fimbo ya biliadi iliyolazwa juu ya kitambaa chekundu. Kitako chake kilikuwa cheusi ti, na karibu na mwisho wa kitako kulikuwa na nukta tatu: mbili za shaba, moja ya mfupa. Chini yake ameandika, "Dada, hii si alama ya babu?"

Alama ile niliijua kabla sijajua kusoma. Andazi nililiweka chini, na kabla sijaandika jibu simu ikaita.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Kuna jamaa ametoka Dar, anazitafuta hizo fimbo kama mtu aliyepoteza mtoto. Anasema wako watu wanazikusanya, wanazitundika ukutani. Hata hawachezi!"

"Hawachezi?"

"Wanaziangalia tu. Hiyo unayoiona imeuzwa bei ya kiwanja. Na si kiwanja cha porini, dada, cha Ipuli hapahapa. Na kila mwaka bei inapanda, maana nzima zimebaki chache. Sasa niambie wewe uliyelelewa na babu. Kwetu haikubaki hata moja?"

"Haikubaki," nilisema, na nilisema haraka mno.

"Basi. Bahati ya wengine hiyo. Mimi Jumatatu mafundi wanabomoa jiko la bibi, nijenge vyumba vya kupangisha. Yale mafito yaliyoko darini nitawapa wachemshie chai."

Rafiki yangu, nimeishi katika miji saba. Nimeuza mitumba Mwanza, nimeuza vyombo Kigoma, nimepika Dodoma, na kila mji niliuacha watu walipoanza kunizoea. Wanaonifahamu husema nina miguu ya kunguru. Lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza nilipanda basi nikiwa najua hasa ninakokimbilia. Kwa sababu katika yale mafito ya darini, kuna moja halikuwa fito.

Babu alikuwa seremala kwenye karakana ya reli. Mchana alitengeneza milango ya mabehewa. Jioni na Jumamosi alirudi kwenye mali yake mwenyewe, nayo ilikuwa kerezo la kuzungushia mti anaouchonga, la kukanyaga kwa mguu, alilolifunga kwenye kibaraza cha nyuma. Watu wa reli walikuwa na klabu yao karibu na stesheni, na ndani yake meza moja ya biliadi yenye kitambaa cha kijani kilichotiwa kiraka mahali pawili. Mchezo huu ambao leo vijana wanauchezea baa na kuuita pool, kwetu wakati ule ulichezwa na watu waliovaa soksi.

Babu ndiye aliyewachongea fimbo. Hakuchonga fimbo ikakaa ikingoja mtu. Mtu alikuja kwanza, akavua viatu, akasimama ameegemea ukuta, na babu akampima kutoka sakafuni mpaka kidevuni kwa uzi uliopakwa masizi. Halafu alimpa mkono, akaushika, akaendelea kuushika mpaka mgeni akaanza kuona haya. "Tulia," babu alisema. "Nasikiliza kiganja."

Kitako alikikereza kwa mpingo ulioletwa kwa baiskeli kutoka misitu ya Sikonge. Upande wa mbele aliunga mti mweupe, mwepesi, ulionyooka, ambao jina lake hakumtajia mtu. Lakini kabla mti wowote haujapanda kwenye kerezo, ulining'inizwa miaka miwili juu ya moto wa bibi, katika dari la jikoni, na kila kipande kilifungiwa jiwe chini ili kisipinde. Sisi wajukuu tulikula chini ya msitu ule unaoning'inia. Ukiinuka vibaya jiwe linakugonga kisogo.

"Wanawake wenzangu darini wanakausha nyama," bibi alilalamika huku akigeuza nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ndani ya chungu. "Mimi nakausha ufundi wa mtu. Iko siku mtakula mpingo."

"Moshi wako ndio fundi," babu alimjibu. "Mimi ni kibarua tu."

Harufu ya utoto wangu ni hiyo: moshi, karanga zilizotwangwa, na nta ya nyuki ambayo babu aliipasha moto na kuisugua kwenye mti kwa kiganja kitupu mpaka kiganja kikawa chekundu. Nikipita mahali mtu anayeyusha nta, hata leo, nasimama.

Sasa kulikuwa na desturi moja, na bila desturi hiyo hizi bei za leo zisingekuwepo. Mwenye fimbo akifa, fimbo yake ilirudishwa nyumbani kwetu siku ileile. Ililala kwetu siku mbili. Siku ya tatu babu aliichukua mpaka kwenye msiba, akakata kitako shubiri mbili kwa msumeno mbele ya watu, na kile kipande akampa mjane. Kilichobaki kilitiwa motoni kupikia chakula cha kuanua tanga. Kipande cha mjane kilikuwa mchi. Nenda jikoni kwa wajane wa zamani wa Ipuli utaiona michi hiyo, myeusi, mingine ina pete ya mfupa, wanatwangia karanga na kitunguu saumu. Huyo mtu wa Dar alipoiona mara ya kwanza, nimeambiwa, alishika kichwa kwa mikono miwili.

Babu alisema desturi hiyo ilitoka barabarani. Babu yake yeye alikuwa mpagazi kwenye misafara, alibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, na kila mpagazi alikuwa na fimbo yake ya urefu wake. Mmoja akifia njiani, wenzake waliivunja fimbo na kuilaza kando ya njia ndipo wakaendelea. "Urefu wa mtu hauachwi ukatembea peke yake," babu alisema. Fimbo walizochukua watu wa reli waliohamishwa, wakaenda kufia mbali ambako hakuna aliyejua kukata, ndizo hizo zinazouzwa leo.

Jirani yetu alikuwa dereva wa treni. Ndiye aliyekuwa mchezaji bora pale klabuni, na fimbo yake ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote ambazo babu alichonga. Ilikuwa na pete mbili za mfupa wa ng'ombe, na kati yake uzi wa shaba uliozungushwa mara saba. Alipokaribia Tabora akitoka Goweko alipiga honi namna yake, ndefu moja na fupi mbili, na mke wake alinyanyuka mkekani akabandika maji ya ugali. Sisi watoto tulipiga kelele, "Mama, mumeo!" naye akatutupia kandambili.

Jumamosi mimi ndiye niliyembebea fimbo mpaka klabuni. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wasichana hawakuruhusiwa kuingia, hivyo nilisimama dirishani, na yeye akishinda alikuja dirishani na kunipa fimbo niifute chaki kwa gauni langu. "Mke wangu mdogo," aliniita, kwa utani wa majirani. "Chunga mali yetu." Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kunipa kitu cha thamani nikichunge.

Alikufa kwa homa, ghafla, msimu wa michembe, wakati viazi vilivyokatwa vimeanikwa kila paa. Fimbo ikaletwa kwetu, babu akaisimamisha nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona fimbo ya karani wa stesheni ikikatwa, nimesikia mlio ule wa msumeno kwenye mpingo, mlio kama wa mnyama anayekataa. Usiku wa pili sikulala. Alfajiri, watu wote wakiwa msibani, nilipanda juu ya kinu, nikaifunga fimbo ya dereva darini katikati ya miti mingine, nikaifungia na jiwe chini kama zilivyofungwa zote. Nilidhani naficha kwa siku moja tu. Nilidhani siku ya tatu ikipita bila kukatwa, haitakatwa tena, na itabaki, na jambo litaishia hapo.

Halikuishia hapo. Babu alifika msibani mikono mitupu. Mke wa dereva alikuwa amekaa chini, kichwa amekifunga kwa kaniki, akainua uso.

"Fundi, fimbo ya mume wangu iko wapi?"

"Sijui, mama."

"Ililala kwako."

"Ililala kwangu. Sijui."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nilitaka kusema, na mdomo ulikuwa wazi kabisa, lakini wanawake walianza kunong'ona, na kila nilipongoja wamalize ndipo ikazidi kuwa vigumu. Wakakumbuka kwamba kuna mgeni wa klabu aliwahi kuitolea bei. Wakasema seremala ameiuza fimbo ya maiti. Tanga halikuanuliwa. Watu walikula wakaondoka wawiliwawili, wakiangalia chini.

Babu alikereza mchi mpya wa mpingo, akautia pete mbili za mfupa, akaupeleka mwenyewe. Asubuhi tuliukuta umewekwa mlangoni kwetu. Tangu siku hiyo kerezo halikuzunguka. Mtu akija kupimwa, babu alisema macho yamechoka. Bibi alifunga shauri kwa neno moja: "Miti ya babu yenu isiguswe," na haikuguswa. Kwa miaka mitatu iliyombakia babu alipita mbele ya nyumba ya jirani akisalimia, na hakuitikiwa. Mimi nilitembea nyuma yake. Nilimaliza shule, nikaondoka Tabora, na nimekuwa nikiondoka tangu hapo. Nilirudi kumzika bibi. Niliinua macho darini, nikaiona, nyeusi kwa masizi kama zingine, nikaondoka kesho yake.

Basi lilipita Chunya, likapita Sikonge, na njia nzima nilikuwa nahesabu siku kwa vidole kama mtoto: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Je, kama mafundi wamewahi? Je, kama mdogo wangu ameinua macho? Nilipiga simu mara tatu kuuliza mambo ya kipuuzi, hali ya hewa, bei ya mchele, mpaka akaniuliza, "Dada, unaumwa?"

Nilifika Jumamosi asubuhi. Mtu wa Dar alikuwa amekaa kibarazani anakunywa chai, kijana mwenye kofia na adabu nzuri. Aliniamkia shikamoo na kuniuliza kama najua mjane yeyote ambaye yeye bado hajamfikia. Mdogo wangu alicheka: "Huyu anawaposa wajane wote wa Ipuli." Nami nikacheka, huku nikiangalia mlango wa jikoni.

Niliingia jikoni. Safari hii sikuhitaji kinu. Nilipapasa mawe moja moja mpaka vidole vikakuta kitanzi nilichokifunga mwenyewe, fundo la kitoto, la kuzungusha mara nyingi kwa hofu. Nilipoitoa nje juani na kuifuta kwa kanga, zile pete za mfupa zilitoka kwenye masizi zikiwa za njano kama meno ya mzee. Haikuwa imepinda hata kidogo. Moshi wa bibi ulikuwa umeitunza.

Mtu wa Dar aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Nzima," alisema. Halafu akataja bei, na mdogo wangu akakaa chini kwenye tofali.

"Dada," alisema. "Dada, Mungu ametukumbuka."

"Si yetu."

"Imetoka darini kwetu!"

"Niliiiba mimi. Ya jirani."

Nilimweleza palepale, na ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kusikia maneno yale kwa sauti. Alinitazama kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua. Tulivuka njia wote watatu, mimi mbele, wao wakizozana nyuma yangu kwa sauti ya chini kuhusu namna ya kumshawishi bibi kizee.

Mke wa dereva alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, macho yake bado makali. Nilipiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa kwa nani wewe?" Kisha akaona nilichoshika, akausukuma mchele kando.

Nilisema yote. Sikulia, maana niliona kulia kungekuwa ni kumuomba kitu. Nilipomaliza, aliomba fimbo. Akasimama kwa shida, akaisimamisha mbele yake, akapeleka macho juu polepole mpaka kwenye ncha, halafu juu kidogo ya ncha, pale ambapo ungekuwa uso.

"Nilikuwa nimeanza kumkumbuka mfupi," alisema.

Mtu wa Dar alimwachia nafasi, lazima niseme hivyo. Ndipo akachuchumaa na kutaja bei tena, kwa heshima, akiongeza. Yule mjane alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pesa naipenda, mjukuu wangu, nisikudanganye. Paa hili linavuja kama chekeche. Lakini tanga la mume wangu halijaanuliwa. Miaka yote hii nimekaa matangani. Leteni msumeno."

"Bibi, nakuomba!" mtu wa Dar alisihi. "Ukiikata inakuwa kuni!"

"Ilikuwa kuni tangu zamani, baba. Wewe ndiye umekuja kuigeuza kiwanja." Akanigeukia. "Wewe utakata. Na kabla hujakata utasema. Si kwangu. Kwa watu."

Aliita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Walikuja wanawake wa bombani na ndoo zao, wakaja wapangaji, akaja mzee mmoja tu aliyekuwa kibarua wa reli. Nikasimama na msumeno ambao mafundi walikuwa wameutanguliza mkononi, nikasema kwamba fimbo hii niliificha mimi, kwamba seremala hakuiuza, hakujua iliko, na alikufa hajui. Yule mzee alivua kofia. Wanawake wa bombani walitazamana, mmoja alinong'ona, "Seremala gani?" na mwenzake akabetua mabega.

Mpingo haukatwi kwa haraka. Mlio ulikuwa uleule, na kila ulipolia nilihisi mdogo wangu akijikunja nyuma yangu. Jasho liliniingia machoni. Shubiri mbili zilipoanguka, mjane aliziokota, akazipima uzito kiganjani, akasema "Wabeja," asante ya nyumbani, kisha akaamuru kilichobaki kipikiwe uji wa watu wote waliokuja. Mtu wa Dar alipiga picha moja ya moto, akaaga, akaondoka bila kumaliza chai yake.

Mdogo wangu aliniambia jioni, bila hasira, na ndiyo iliyoniuma zaidi: "Umesafisha jina la babu kwa pesa ya vyumba vyangu." Hana kosa. Yeye babu hakumkuta, alizaliwa babu ameshazikwa. Nimemwahidi kumsaidia kununua mabati, na ahadi hiyo sasa inaninyima usingizi kama ilivyoninyima ile siri ya darini.

Kabla ya kuondoka Jumapili nilipita klabuni. Ni ghala la mpunga. Dirisha nililosimama limezibwa kwa matofali. Nilimuuliza mlinzi kuhusu meza, akasema hajawahi kusikia kwamba pale palikuwa na meza. Nilijaribu kukumbuka fimbo ngapi babu alichonga, mikono mingapi aliisikiliza, nikashindwa, na hakuna wa kumuuliza. Zilizo nzima ziko ukutani kwa watu wasiocheza, na wanajua uzito wake, aina ya mti wake na umri wake. Hawajui zilikuwa urefu wa nani.

Stendi nilinunua asali kwa mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni. Alinisikiliza nikiomba apunguze bei, akacheka.

"Wewe si mgeni, unaongea kama sisi. Wa kwa nani?"

Swali hilo nimelikimbia katika miji saba. Nikashika chupa kwa mikono miwili.

"Mjukuu wa seremala. Wa Ipuli. Yule wa fimbo."

Nikamtazama usoni, nikisubiri uso ubadilike, kama nilivyosubiri kwa kila mtu wa nyumbani niliyewahi kukutana naye njiani. Haukubadilika. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakunja uso kidogo akijaribu kukumbuka, kwa adabu tu, ili asinivunje moyo.

"Seremala yupi, dada?"

Utingo alikuwa anagonga ubavu wa basi akiita wa Mbeya. Nikaweka mfuko wangu chini, nikaanza kumwambia.